Mto Niliouvuka Bila Nekesa

Kuna asubuhi moja, mwanangu, ambayo ikinijia akilini huwa natabasamu kwanza, halafu ndipo nakumbuka kwamba asubuhi hiyo nililia kama mtoto aliyenyang'anywa andazi. Ndiyo asubuhi ambayo Nekesa, mpanda farasi mwenzangu, aliniambia anahama.

Nitakueleza yote, lakini kwa mpangilio wangu. Mimi ni mwanamke wa soko. Sinunui gunia bila kulifungua, na sisimulii kisa kabla ya kukihesabu mara mbili nione kama kuna kilichopungua. Hapa mtaani Free Area, Nakuru, mnanijua kwa viazi na karoti. Msichojua wengi wenu ni kwamba karoti nilianza kuzijua kwa upande wa mdomo wa farasi, kabla sijazijua kwa upande wa mizani. Najua hamniamini. Mkiangalia kiuno hiki mnajiuliza huyo farasi alikuwa wa namna gani. Alikuwa farasi wa kawaida, na kiuno pia siku hizo kilikuwa cha kawaida.

Sababu ya kuyatoa haya leo ni msichana mmoja. Huwa anawapandisha watoto farasi uwanjani siku za Jumapili, na karoti za farasi wake ananunua kwangu. Juzi alikuja, akalipa bei niliyotaja, hakuomba kupunguziwa hata kidogo. Hapo hapo nikajua kuna msiba. Kumwangalia vizuri, macho mekundu.

"Ni nini, mwanangu?"

"Shosho, rafiki yangu anahamia Eldoret. Tumepanda pamoja tangu tukiwa wadogo. Sasa mimi nitapanda na nani?"

Nikamwongezea karoti mbili, jambo ambalo wanaonijua watakwambia si la kila siku, nikamvutia kreti akaketi. Niliyomwambia yeye ndiyo nakuandikia na wewe.

Shamba la Baba Njoki lilikuwa upande wa chini wa Dundori, mahali ambapo ukiwa juu ya farasi unauona mji wote wa Nakuru umetandazwa pale chini, na ziwa nyuma yake likiwa na wekundu wa ndege pembeni. Alikuwa na ng'ombe, viazi na farasi. Farasi aliwanunua kwa mtu aliyekuwa akiuza kila kitu ili aondoke, na nadhani aliwanunua kwa sababu bei ilikuwa nzuri, si kwa sababu alijua atawafanyia nini. Baadaye akagundua kwamba mtoto wa mjini akimwona farasi hulia hadi baba yake atoe pesa. Basi kazi ikapatikana.

Baba yangu alikuwa saisi, yaani mtunza farasi wa pale, kwa hiyo mimi nilikulia zizini kama ndama. Nekesa alizaliwa mjini, kwenye nyumba za reli. Babu yake alitoka Bungoma kuja kufanya kazi ya reli na hakurudi. Mama yake alipopata kibarua cha kuvuna viazi kwa Baba Njoki, alikuja naye. Siku ya kwanza tu, Nekesa alimpanda Radi, farasi mkubwa kuliko wote, bila tandiko, bila hatamu na bila kumwuliza mtu. Baba yangu alimgombeza mpaka sauti ikamkauka, halafu akampa kazi.

Tukakua hivyo. Yeye na Radi, mimi na Sukari.

Radi alikuwa farasi wa rangi ya kahawia asiyeogopa kitu duniani isipokuwa mwavuli. Sukari wangu alikuwa jike mweupe, mzuri wa kupigwa picha, na aliogopa kila kitu. Aliogopa karatasi ikipeperuka. Aliogopa kuku. Aliogopa kuku yule yule aliyemwogopa jana. Lakini kama Radi yuko mbele yake, Sukari angemfuata hata kanisani.

Kila Jumapili tulikuwa tunateremka mjini kuwapandisha watoto. Na hapa nisikilize vizuri, kwa maana ndipo penye kisa. Njia ilikuwa na utaratibu wake. Kutoka shambani mpaka barabara kuu, Nekesa alikuwa mbele na mimi nyuma. Kulikuwa na mto pale, mto kwa jina tu, maji ya kufika kwenye kifundo cha mguu, na daraja lake lilikuwa magogo ya kupita watu na mbuzi. Farasi walipita majini. Radi anaingia, Sukari anafunga macho, anafuata. Baada ya mto kulikuwa na mbwa wa watu. Nekesa anawapitia kama hawapo, mimi nafuata. Tukishafika uwanjani, zamu inageuka. Hapo mimi ndiye mbele, na Nekesa, jasiri wa Dundori, anajificha nyuma ya shingo ya Radi kwa sababu anaogopa kutaja bei.

"Msichana," baba mmoja ataniambia, ametoka kanisani na suti yake, "huyu mtoto si ni mdogo sana? Si apande bure? Farasi hata hatamsikia."

"Ni kweli, baba, farasi hatamsikia. Lakini mimi nimekusikia wewe."

Wake zao walikuwa wanacheka, na mke akishacheka, mkono wa mume unaanza safari ya mfukoni. Nikiona bado anasitasita, namwinua mtoto aiguse pua ya farasi. Mtoto akishaigusa pua ya farasi, mwanangu, hakuna tena mazungumzo. Ile pua ni laini kama sikio la mbuzi mchanga, na ina joto. Nekesa angeachiwa kazi hiyo angewapandisha watoto wote wa Nakuru bure, halafu awashukuru.

Basi asubuhi hiyo tulikuwa mtoni, farasi wanakunywa. Nekesa alikuwa anazungushazungusha hatamu vidoleni.

"Shiru," akasema, "Radi ameuzwa."

"Ameuzwa kwa nani?"

"Kuna watu wa Naivasha, wanapandisha wageni karibu na ziwa. Wanasema wafanyakazi wa mitambo ya umeme kule Olkaria wanaleta familia zao huko kila Jumapili, farasi hawatoshi. Sasa wanamtaka Radi, na wanataka na mtu anayemjua."

"Na huyo mtu ni nani?"

"Wewe unadhani ni nani? Sukari?"

Nilishuka kwenye farasi. Mimi habari mbaya siwezi kuipokea nikiwa juu. Nikaanza kufanya kile ninachokijua, nikaanza kupatana.

"Basi uende baada ya Pasaka."

"Wanataka mwezi huu."

"Mpeleke Radi, umwonyeshe zizi, urudi."

"Shiru..."

"Sawa, mwezi mmoja huko, mwezi mmoja hapa. Hiyo ni haki kwa kila mtu."

"Shiru, mimi si gunia la viazi. Huwezi kunigawa nusu."

Ndipo nikalia. Yeye naye alilia, lakini alikuwa anacheka katikati, kwa sababu Sukari alikuwa ameona kivuli chake majini na anajaribu kukikimbia huku amesimama pale pale.

Siku lori lilipokuja kuwachukua nilifanya jambo la kijinga. Wakati wanampandisha Radi, mimi niliinama nikaishika kwato moja ya Sukari nikaanza kuisafisha. Niliisafisha mpaka ungeweza kula chakula juu yake. Nekesa alikuja akasimama nyuma yangu. Sikuinuka. Nilijiambia kwamba nikiinuka nitalia mbele ya wapakiaji, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa nimekasirika, kama mtu aliyenyimwa bei aliyoizoea. Akanikumbatia mgongo vile vile nilivyoinama, akasema, "Nitakutumia salamu na Kibet wa maziwa." Kibet alikuwa dereva wa lori la maziwa, alifika mpaka Naivasha. Nikaendelea kusugua. Lori likaondoka, Radi akaita, Sukari akaitikia, na mimi nikabaki na kwato mkononi.

Jumapili iliyofuata nilimtandika Sukari peke yangu, nikafika mtoni. Akasimama.

Nilimpiga visigino polepole. Akarudi nyuma. Nikambembeleza, akarudi nyuma zaidi. Nikamwimbia. Pale mtoni kila asubuhi kulikuwa na akina mama wanaoosha karoti za kupeleka soko, na mkubwa wao alikuwa Mama Ciku, mwenye ulimi unaokata hata karoti.

"Shiru, mwambie ng'ambo kuna harusi!"

"Labda anangoja wamjengee daraja la lami!"

"Mbona usimbebe wewe? Si mmezoeana?"

Nilirudi nyumbani na farasi mkavu na uso uliolowa. Jumapili ya pili ikawa vile vile, na ya tatu. Baba Njoki aliniita. Hakuwa mtu wa kelele, na ndiyo sababu watu walimwogopa.

"Shiru," akasema, "farasi anayekula kwangu na hatoki langoni, huyo si farasi, ni mgeni. Nimekupa mpaka Pasaka. Akiwa bado anaogopa maji yasiyomfikia kuku magoti, nitamwuza, na wewe utakwenda kufunga viazi kwenye magunia na wenzako."

Sasa unaona nilipokuwa, mwanangu. Rafiki ameondoka, na yule farasi aliyenibakia naye yuko njiani kuondoka. Na badala ya kutafuta dawa, nikatafuta wa kulaumu. Kila aliyenisikiliza nilimwambia Nekesa ametuharibia. Nilisema alijua kabisa kwamba Sukari hawezi kutembea bila Radi, na bado akaenda zake ziwani kula samaki.

Kibet wa maziwa akafika na salamu. "Nekesa anakusalimia sana. Anauliza kama rafiki yake hajambo."

"Mwambie amekufa."

"Sukari?" Kibet alishtuka.

"Mimi."

Alinitazama kidogo, akapandisha makopo yake, akaenda.

Aliyenirudi alikuwa nyanya yangu, mzaa baba, ambaye sote tulimwita Cucu. Ilikuwa alasiri, ameketi nje ya jiko juu ya kigoda chake, tunamenya viazi. Nikaanza tena wimbo wangu wa Nekesa hivi, Nekesa vile. Cucu alimenya viazi kadhaa. Halafu akauliza, bila kuinua macho:

"Huko Naivasha analala wapi?"

"Sijui, Cucu."

"Amepata watu wazuri?"

"Sijui."

"Kuna kitu kinachomtia hofu huko?"

"Nekesa? Nekesa haogopi kitu, Cucu. Wewe hujui Nekesa."

"Mtu asiyeogopa kitu mimi sijamwona, na nimeishi," akasema Cucu. "Nimewaona wale ambao hakuna aliyewauliza." Akaweka kisu chini. Cucu akiweka kisu chini ilikuwa heri ukae sawasawa. "Sasa nikuulize wewe, na usinijibu haraka haraka kama mtu anayeuza. Unamlilia Nekesa, au unamlilia wa kukutangulia mtoni?"

Mwanangu, nimekaa sokoni miaka mingi na nimeambiwa maneno ya kila bei. Hakuna neno lililowahi kunipata kama lile. Nilijaribu kulihesabu upya nione kama kuna mahali amenipunja. Hapakuwapo. Tangu lori liondoke nilikuwa nimeulizia mto, nimeulizia Sukari, nimeulizia Pasaka. Nekesa mwenyewe sikuwa nimemwulizia hata mara moja.

Nikamenya mpaka maganda yakajaa beseni. Kisha nikasema kwa sauti ndogo, "Na Sukari nimfanye nini?"

"Huyo sijui," akasema Cucu. Alikuwa anaogopa farasi kuliko mtu yeyote pale Dundori. Hata punda alimpisha njia na kumwamkia. "Mimi naona ni ng'ombe aliyekosa pembe na adabu. Lakini kama shida yake ni kutanguliwa, kwani wewe huna miguu?"

Kesho yake nikavaa gambuti za baba yangu, zile buti ndefu za mpira, nikamshika Sukari hatamu, nikatembea naye mpaka mtoni. Sikumpanda. Niliingia majini mwenyewe, nikasimama katikati, nikamwangalia. Naye akaniangalia kutoka ukingoni, kama mtu anayemwangalia mwenzake akiingia kwenye moto. Tulikaa hivyo mpaka miguu yangu ikafa ganzi. Hakuingia. Nikamrudisha nyumbani bila kumgombeza.

Siku zilizofuata, vile vile. Mama Ciku na wenzake walikuwa wanaleta karoti zao mapema ili wasikose mchezo.

"Leo amekuja na gambuti tena. Shiru, wewe ndiye unayefundishwa kuvuka au ni farasi?"

"Mwache, anaosha gambuti."

Nilianza kuwajibu, kwa sababu nilikuwa nimeshachoka kuona aibu. Nikawaambia watanilipa kiingilio. Na nilipoanza kucheka nao, nadhani hatamu ile nayo ikalegea mkononi mwangu. Sijui. Farasi husikia mkono wako kuliko maneno yako. Hilo hata baba alilisema. Asubuhi moja, katikati ya kucheka, nilihisi hatamu haina uzito. Kugeuka, Sukari ametia mguu mmoja majini. Ameuinua, ameutazama, ameurudisha. Akatia wa pili.

Nikafanya kosa la kusema "Ehe!"

Aliruka. Aliruka mto mzima kwa mara moja, kama anavuka bahari, na mimi nikiwa bado nimeshika hatamu. Gambuti moja ilibaki majini. Mimi nilitua ng'ambo kwa tumbo, kwenye tope, na karoti za Mama Ciku, ambazo tulizipindua, zikaanza kusombwa na maji kuelekea Nakuru. Halafu akina mama wale wakapiga vigelegele, vigelegele vya harusi kabisa, na Mama Ciku mwenyewe, ambaye karoti zake zilikuwa zinaondoka, ndiye aliyepiga kwa nguvu kuliko wote.

"Amevuka! Haki amevuka! Shiru, mwambie arudi tena tuhakikishe!"

Nikamrudisha. Akaruka tena. Mara ya tatu akatembea, miguu juu juu kama mama anayepita tope na viatu vya kanisani, lakini alitembea. Nilimkumbatia shingo, mimi na tope langu, naye akabaki na madoa ambayo hayakutoka siku nzima.

Jumapili nilivuka nikiwa juu ya tandiko. Mimi mbele. Nyuma yangu hakukuwa na mtu, na ilikuwa ajabu, lakini haikuwa mbaya kama nilivyodhani. Jioni nilipowasili na mapato, Baba Njoki alikuwa langoni.

"Nasikia mgeni wangu ameanza kutembea."

"Ndiyo, Baba Njoki. Na kwa sababu sasa nafanya kazi ya watu wawili, nilitaka tuongee kuhusu mshahara."

Alicheka mpaka akashika nguzo ya lango. Habari ya kumwuza Sukari haikutajwa tena. Ya mshahara ilichukua muda zaidi, lakini nayo ilifika.

Sasa nilikuwa na deni moja la moyoni. Kibet alipokuja kuchukua maziwa nikamvizia barabarani.

"Mwambie Nekesa nimefufuka. Na umwulize swali langu hivi hivi, usilibadilishe: huko aliko anaogopa nini?"

Jibu lilichukua siku kadhaa. Kibet alisimamisha lori, akatoa kichwa dirishani akicheka. "Anasema anaogopa akina baba wenye watoto watatu. Anasema wanambana kwenye bei mpaka yeye ndiye anabaki kama mteja. Wenye farasi wamemwambia akiendelea hivyo watatafuta mtu mwingine."

Nilisimama pale barabarani, na moyo wangu ukayeyuka. Kumbe! Wakati mimi nanung'unika kwamba ameniacha mtoni, yeye alikuwa ameachwa uwanjani. Alikuwa hana wa kumtajia bei, kama mimi nilivyokuwa sina wa kunivusha. Na sikuwa nimeuliza.

Kuanzia siku hiyo Kibet aliacha kuwa dereva, akawa shule. Nilimtuma: "Mwambie kwanza mtoto aguse pua ya farasi, ndipo baba aulize bei." Kesho kutwa anarudi na la Nekesa: "Anauliza kama mbwa bado wanakusumbua. Anasema usiwaangalie, angalia pale unapokwenda." Nikamtuma: "Akisema ni ghali, asijibu. Ajifanye anakaza mshipi wa tandiko. Anayenyamaza huongezewa." Naye: "Anasema Sukari akishtuka usivute hatamu, mpulizie pumzi polepole, na wewe ushushe mabega." Kibet alilalamika kwamba sasa anajua kazi ya farasi yote na hajawahi kumpanda hata mmoja.

Baada ya Pasaka nilipata ruhusa ya siku moja, nikaenda Naivasha. Sikumwarifu. Nilijifunga leso kichwani kama mama wa watu, nikamkuta amenipa mgongo, anamkaza Radi mshipi. Nikabadilisha sauti.

"Sasa, dada wa farasi. Nina watoto watatu. Wapande wote kwa bei ya mmoja, ni wadogo."

Hakugeuka. "Karibu, mama. Watapanda. Wa kwanza atapanda kwenda, wa pili atapanda kurudi, na wa tatu ataangalia vizuri."

Nikajikaza. "Huyo farasi mwenyewe namwona mzee."

"Mzee ndiye anayejua njia. Ukitaka kijana yuko pale, atakurudishia watoto kesho asubuhi."

"Ghali sana. Naenda kwingine."

Akaendelea kukaza mshipi ule, ambao nakuhakikishia ulikuwa umekazwa siku nyingi. "Nenda salama, mama. Lakini niachie mmoja hapa alie kidogo, atanivutia wateja."

Nilishindwa. Nilicheka cheko langu halisi, lile ambalo hata kwenye mnada linajulikana. Nekesa aligeuka, akapiga ukelele, Radi akarudi nyuma akidhani kuna mwavuli, na sisi wawili tukaangukiana pale mbele ya wateja waliokuwa kwenye foleni. Mzee mmoja alisema, "Kumbe hata kupatana kunaweza kuisha vizuri."

Wenye farasi waliniazima mwingine saa ya mapumziko, tukapanda kando ya ziwa. Kwa mbali mvuke wa Olkaria ulikuwa unapanda vilimani kama majiko mengi ya watu wasioonekana. Njia ilikuwa pana, tukaenda sambamba. Hakuna aliyemwambia mwenzake atangulie. Na hapo ndipo aliponieleza kwamba wiki za kwanza alitaka kurudi, na kwamba habari ya kufa kwangu Kibet aliifikisha kama nilivyoituma.

"Ulidhani nimekufa?"

"Hapana. Ungekuwa umekufa ungeomba nauli ya kurudi." Akacheka, halafu akaacha. "Lakini iliniuma, Shiru. Nilikuwa peke yangu."

Sikupatana naye hapo. Nilisema, "Pole, Nekesa. Niliulizia kila kitu isipokuwa wewe." Akanyoosha mkono akanishika wangu juu ya tandiko, na tukaenda hivyo kidogo, mpaka farasi wakaona tunawachosha wakataka nafasi.

Jioni aliponisindikiza barabarani, nilimtazama usoni kwa muda wangu wote, nikaagana naye kama watu wanavyoagana. Nikarudi Dundori nikiimba.

Farasi wale wote wawili wameshakufa kwa uzee wao, na uzee mwema. Nekesa aliolewa huko huko, ana wajukuu wanaompanda mgongoni. Mimi nikateremka mjini na karoti zangu. Siku hizi ananipigia simu, tunabishana ni nani alimfundisha mwenzake zaidi, na tumekataa wote wawili kupunguza.

Basi shauri langu ni hili, mwanangu. Rafiki yako akihama, lia, hakuna ubaya. Lakini ukishalia, kaa chini uangalie ni kazi gani aliyokuwa akikufanyia bila wewe kujua, na ujifunze kuifanya. Usimwachie nafasi hiyo wazi kama kumbukumbu. Ukiiacha wazi utamkasirikia, na kosa lake litakuwa ni kukuvusha vizuri mno. Halafu umwulize na yeye amekwama wapi huko aliko, kwa maana kuna jambo ulilokuwa ukimbebea wewe, na sasa anahangaika nalo peke yake mbele ya watu asiowajua. Mtumie ujuzi wako. Leo una simu mfukoni, huna haja ya lori la maziwa. Na siku ya kuagana acha kusafisha kwato. Inuka umtazame.

Ukifanya hivyo, utaona jambo la kufurahisha sana: rafiki aliye mbali anakuwa ndani ya mikono yako, kwenye namna unavyoshika hatamu, na wewe uko kwenye ulimi wake anapotaja bei.

Haya. Mungu akupe mkono mwepesi na moyo usiokimbia maji. Akupe rafiki atakayekuuliza unaogopa nini, na akupe unyofu wa kumjibu. Barabara zenu, wewe uliyebaki na yeye aliyehama, aziweke pana, na siku mtakayokutana mpande sambamba mkicheka, hata farasi washindwe kuwaelewa. Nenda kwa amani, mwanangu.